Wale wa Nyuma ya Ukuta

La Salobrera, 9 Februari 1964

Mwanangu Leandro,

Naomba Mungu karatasi hii ikukute na afya na kile kikohozi kiwe kimeisha. Mimi mzima, ila goti. Kalamu hii ni ya Engracia na inavuja, kwa hiyo ukiona madoa usidhani nimelia. Sijalia.

Juzi alikuja kijana wa halmashauri na bahasha mbili. Ya kwanza ni kijitabu cha hoteli yenu, kile chenye picha ya mwanamke amelala mchangani na vile vitambaa vyake viwili. Casilda alitusomea kwenye birika la mji la kufulia nguo, maana ana sauti. Ndani mna historia ya mji wetu na chini yake jina lako. Umeandika kwamba kabla ya kampuni kuja, La Salobrera ilikuwa imelala, ufuko mtupu wenye vibanda vichache vya wavuvi. Mtupu kwa nani, mwanangu? Pale mlipojenga hoteli ya kwanza ndipo tulipoanika nyavu. Pale panapouzwa aiskrimu palikuwa ghala la chumvi, na babu yako alitoka humo amepinda mgongo mpaka kaburini. Casilda akasema, "Visi, mwanao anasema tulikuwa tumelala. Mbona mimi nakumbuka nanuka dagaa kabla jogoo hajawika?" Wote wakacheka. Mimi nikacheka pia, kwa sababu walikuwa wananitazama.

Bahasha ya pili ni ya makaburi. Wanasema makaburi yahamishiwe mlimani, kwa kuwa wageni wa hoteli mpya watafungua dirisha wakaone misalaba, na chai isiwapite kooni. Kila familia isaini kwa ajili ya mfu wake, na asiyesainiwa atatupwa shimo la pamoja. Yule kijana nilimpa kahawa, nikamrudishia karatasi yake. Waambie mabwana zako sitasaini.

Vaa sweta. Nisalimie mkeo.

Mama yako, Visitación


Madrid, 17 Februari 1964

Mama,

Nimeisoma barua yako. Makaburi mapya yamejengwa vizuri kuliko nyumba nyingi za huko. Baba atapata nafasi ya safu ya pili, inayotazama macheo. Niliiomba mimi mwenyewe, na haikuwa rahisi.

Familia zote zimesaini isipokuwa tatu: yako, ya Engracia na ya Casilda. Mkurugenzi aliniuliza mbele ya watu kama huyu Visitación Ferrándiz ni jamaa yangu. Nikasema ni mama yangu.

Najua chanzo chake. Tangu nilipofunga ndoa na Piluca huku badala ya huko kanisani kwa don Eladio, kila ninachogusa kinanuka. Kama unataka kunikomoa, nikomoe mimi, lakini baba mwache. Alikuwa mtu wa amani.

Kuhusu kijitabu, watu wanaotoka Uswidi kuja kuota jua hawaji kusikia habari za mgongo wa babu.

Leandro


La Salobrera, 1 Machi 1964

Leandro,

Barua yako haikuwa hata na salamu. Wa benki husalimia kwanza ndipo adai.

Huyo Piluca hana uzito wa kunifanya nikatae jambo. Alipokuja hapa alikula samaki kwa kisu kama anapasua mgonjwa, akalalamika harufu, akaondoka. Nilimfungia mkate wa njiani. Kwa hiyo usimtie mkeo kwenye habari za wafu wangu.

Unasema macheo. Baba yako aliyaona macheo maisha yake yote akiwa na kamba mkononi, sidhani kama ana hamu nayo.

Nikuulize jambo moja tu, na unijibu hilohilo bila kuzunguka. Nyuma ya ukuta wa makaburi, upande wa bahari, nje ya lango, pana kona yenye mtini mwitu. Hapana misalaba. Hiyo kona nayo itachimbwa? Na nani atawahamisha wa hapo?

Mama yako


Madrid, 12 Machi 1964

Mama,

Nimeuliza. Kwenye mchoro kona hiyo imeandikwa ardhi tupu. Kitabu cha parokia hakina hata mtu mmoja aliyezikwa hapo. Kwa kuwa haihitaji saini ya yeyote, ndipo katapila litakapoanzia, Jumatatu ya kwanza ya Aprili. Bwawa la kuogelea litakaa hapo.

Sasa umeanza kutetea hata magugu? Kesho utaniambia punda wa babu amezikwa kwenye ngazi za posta. Mama, mji huu ulikuwa unakufa. Vijana wote walikuwa wanapanda treni kwenda Ujerumani. Leo binti wa Casilda ana kazi ya kutandika vitanda, na mtoto wa Engracia anabeba masanduku ya wageni na kurudi nyumbani na viatu miguuni. Wanaokula mkate wa hoteli wasiitemee mate hoteli.

Pasaka hatutakuja.

Leandro


La Salobrera, Jumapili, 5 Aprili 1964

Mwanangu,

Barua hii nimeianza tangu ilipofika yako, na kila nikiianza naishia kuwashia jiko. Leo sichani.

Barua yako niliisoma kwa sauti kwenye birika, ili wenzangu wasikie ujeuri wako. Nilipofika kwenye "ardhi tupu" Engracia aliacha kusugua. Akasema, "Wangu yuko chini ya mtini." Casilda naye akasema, kama anayeongea na shuka, "Wangu yuko karibu na ukuta, penye jiwe jeupe." Tumefua pamoja tangu tulipokuwa na meno yote, tumesemana kila kitu, hata vya chumbani. Hili hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

Wangu ni dada yako. Alikuja kabla yako, mwezi wa Novemba, baba yako akiwa baharini. Nataka ulijue hili kabla ya yote: alipumua. Alinishika kidole. Mkunga alikuwa upande wa mashamba ya chumvi kwa mwanamke mwingine, mimi nikawa na bibi yako tu. Mtoto akaanza kubadilika rangi. Bibi yako akajitupia shela mabegani, akakimbia kumwita padri aje ambatize.

Pembeni ya kitanda palikuwa na beseni la maji. Maji safi, ya uvuguvugu, yalikuwa ya kuniogeshea. Nikakaa nimempakata, namsubiri padri, kwa sababu nilijua kubatiza ni kazi ya padri. Ndivyo nilivyojua, na bibi yako ndivyo alivyojua. Padri alipofika, si don Eladio, ni yule wa zamani, mtoto alikuwa amekwisha kuondoka. Akatazama beseni, akanitazama mimi, akasema, "Mbona hamkummwagia maji? Mtu yeyote anaweza. Hata mwanamke." Akavaa kofia yake.

Asiyebatizwa haingii ndani ya ukuta, na jina hapewi. Baba yako aliporudi alimtengenezea kisanduku kwa ubao wa mashua, akamzika kule nyuma mwenyewe, bila kengele. Tuliporudi nyumbani akala supu yake, na hakulitaja tena mpaka amekufa. Kila Sikukuu ya Wafu ulikuwa unanilalamikia kwamba nachelewa kutoka makaburini na viatu vinakubana. Ndiko nilikokuwa.

Sikuandikii unihurumie. Nakuandikia kwa sababu kesho ni Jumatatu. Tunapeleka viti.

Mama yako


Madrid, Jumatatu, 6 Aprili 1964

Mama,

Leo mkurugenzi alipigiwa simu kutoka kwenye ujenzi. Vikongwe watatu, wote weusi tii kwa nguo za msiba, wamekaa kwenye viti mbele ya katapila wanamenya maharage. Dereva amezima injini, amevua kofia, na inasemekana amepewa mkate na jibini. Walinzi wamekuja wakaambiwa "karibuni". Mmoja wao ni mpwa wa Casilda, kwa hiyo akakaribia kweli.

Ofisi nzima imecheka. Wamenipa jina: Mtoto wa Kiti. Mhandisi amesema anatoa siku chache, si kwa huruma, ila kwa sababu mpiga picha wa gazeti alikuwa anapita.

Miaka yangu yote huku nimejitahidi nisinuke chumvi. Umenirudisha kwa asubuhi moja. Kama lengo lako lilikuwa kunionyesha mahali ninapotoka, nimeona. Hesabu kwamba huna mtoto Madrid.

Leandro


La Salobrera, 10 Aprili 1964

Leandro,

Barua zetu zimepishana njiani, kwa hiyo nitajifanya yako haijafika. Imefika. Naijua kwa moyo.

Tumewachimbua wenyewe. Yule dereva, mtu wa Murcia, kijana mwenye adabu, alituazima koleo, akasogea kando na kutugeuzia mgongo mpaka tulipomaliza. Mama yake naye, alisema, ana mmoja nyuma ya ukuta wa kwao. Ubao wa baba yako umeoza lakini misumari ya shaba ipo. Mengine sikuandikii. Ni kidogo sana. Nimemfunga kwenye kitambaa cha meza cha harusi yangu na yuko kabatini, kwenye shuka zako za utotoni.

Tukaenda kwa don Eladio kumwomba mahali mlimani. Akasema ardhi ile imebarikiwa, hawezi, sheria si yake. Casilda akamwuliza, "Na bwawa la wageni, lenyewe utakwenda kulibariki?" Maana sote tumesikia amealikwa ufunguzi. Akasema hilo ni jambo jingine. Akatupa peremende.

Sasa nisikilize. Karatasi ya baba yako nimeisaini. Lile kaburi lake la tundu ukutani likifunguliwa, mifupa yake itaingizwa kwenye sanduku dogo la kwenda mlimani. Sanduku hilo lina nafasi. Unajua wanawake siku hiyo hatuingii, tunabaki langoni, na ndani anaingia mwanamume wa familia kutambua na kutia saini. Mwanamume huyo ni wewe. Njoo utie saini ya mtu mmoja, na ndani waende wawili. Wa Casilda ataingia na wazee wa kwao; wa Engracia ataingia na mama mkwe wa Engracia, maskini mtoto, kumpata bibi yule milele. Lakini hakuna pengine.

Mama yako


Madrid, 15 Aprili 1964

Mama,

Barua ya tarehe tano nilikuwa nimeipata kabla ya hii. Niliitia mfukoni, na bado ninayo.

Nina miaka thelathini na moja. Miaka yote hiyo ulinilea kama mtoto pekee, ukanifunga sweta mpaka masikioni, ukanikataza bahari, ukaja kunitazama usiku kama napumua. Nilidhani ni hofu yako tu ya kijinga. Nimekuchukia kwa hofu hiyo, na nimekwenda mbali kwa ajili yake. Ungeniambia neno moja ningeielewa nyumba niliyokulia. Ulichagua kuniacha nikuone mjinga.

Halafu unaniambia kwa mara ya kwanza kwamba nina dada, na katika barua inayofuata unaniomba nitie saini uongo kwa ajili yake. Siku ya kuhamisha atakuwepo bwana wa idara ya afya. Mimi ndiye mwakilishi wa kampuni kwenye kazi hiyo. Sanduku likifunguliwa, ninayefukuzwa ni mimi, na kesi juu yake.

Nitamwandikia askofu. Subiri.

Na niambie jambo moja. Lile beseni, ni lile la buluu nililokuwa nikiogeshwa?

Leandro


La Salobrera, 19 Aprili 1964

Leandro,

Askofu atajibu mimi mwenyewe nikiwa nimeshahamia mlimani. Katapila halimngojei askofu, na kabati si makaburi.

Unasema ungeelewa. Ungeelewa nini, wewe uliyeandika kwamba tulikuwa tumelala? Ningekuambia ukiwa na umri gani? Ukiwa mdogo ungeota ndoto mbaya, ukiwa kijana ungenicheka, na ulipooa ungekwenda kumsimulia Piluca, naye angesikitika kwa kisu na uma. Nilikuja kukutazama unapumua kwa sababu nilikuwa nimemwona mtu akiacha. Hiyo unaiita hofu ya kijinga. Haya.

Wanafungua la baba yako Alhamisi, tarehe ishirini na tatu, asubuhi. Usipokuja atatia saini binamu yako Fermín, na Fermín akijua kitu asubuhi, mchana kinajulikana sokoni. Kwa hiyo usipokuja wewe, hataingia.

Nitakuwa langoni na kikapu. Ukinyoosha mkono, nitakupa. Usiponyoosha, pita tu, sitakuita. Lakini usije ukanihubiria pale mbele ya watu.

Beseni ndilo. Ningenunua jingine kwa nini?

Mama yako


Madrid, 27 Aprili 1964

Mama,

Hukuniuliza neno langoni na mimi sikukuambia neno nilipotoka. Nilikuwa na hasira na bado ninayo. Lakini hukuwa na ruhusa ya kuingia, na nadhani tangu siku ile hulali, kwa hiyo nakuandikia.

Walikuwepo watu watatu: mzee Amancio mchimba kaburi, kijana wake wa saruji na bwana wa afya, aliyekuwa na mafua na haraka ya kwenda kula. Aliuliza kikapuni mna nini. Nikasema nguo ya Jumapili ya marehemu, mjane ametaka aivae. Akasema wafu wa miaka hii yote hawavai. Nikasema, "Bwana, wewe kamwambie mama yangu, yuko pale langoni." Akachungulia. Ulikuwa umesimama na wale wenzako wawili. Akasema basi, iwekwe.

Amancio aliniangalia namna nilivyobeba kile kikapu. Mtu habebi nguo hivyo. Alimwita bwana wa afya akamwonyeshe ufa kwenye safu ya juu, wakaenda mpaka mwisho wa ukuta, na wakakaa huko muda mrefu kuliko ufa wowote unavyostahili.

Nimemweka kushoto kwa baba, penye bega. Sikufungua kitambaa chote. Nilifungua kona.

Palikuwa na ndoo ya maji ya kuchanganyia saruji, yalikuwa bado safi. Nikatia mkono nikammwagia. Najua haihesabiki. Ukimwuliza don Eladio atakuambia haihesabiki, kwa hiyo usimwulize. Maneno nilikuwa nayajua, lakini yanataka jina, nami sikuwa nalo, na wale walikuwa wanarudi. Nikampa la kwako.

Nikatia saini ya mtu mmoja. Nikalibeba sanduku mwenyewe mpaka kwenye gari, ingawa kampuni ina watu wa kubeba.

Kazini hakuna aliyejua. Nimeomba nihamishwe kwenye ujenzi mwingine, kule kaskazini. Bwawa litajengwa na mtu mwingine, lakini litajengwa, na hilo usiniandikie. Kuniacha nikuone mjinga kwa miaka yote hiyo, hilo sijakusamehe. Sijui kama ni wewe ninayepaswa kukusamehe au ni mimi mwenyewe, na Piluca anasema nisiandike mambo nisiyoyajua. Nimemwambia yote. Hakula siku ile, kwa kisu wala kwa mkono.

Agosti nina likizo.

Leandro


La Salobrera, 3 Mei 1964

Mwanangu Leandro,

Barua yako nimeipata Alhamisi na leo ni Jumapili, kwa hiyo usiseme nilikimbilia kujibu.

Kushoto ni sawa. Baba yako alikuwa analalia upande wa kulia.

Lakini jina! Wewe mwenyewe unajua nimelichukia tangu shuleni, siku zile chache nilizosoma. Refu kama foleni, na hakuna anayelimaliza. Yapo majina mazuri mangapi, Amparo, Rosario, hata la bibi yako lingefaa. Ulikuwa na muda wote wa njiani kutoka Madrid wa kufikiria, ukafika pale mikono mitupu ukachukua la kwanza lililokuwa langoni.

Njoo Agosti. Njoo na huyo Piluca. Sitapika samaki, nitapika wali wa sungura, aukate kwa chochote atakacho. Bahari mtaingia asubuhi tu, kabla upepo haujageuka, na usiende mbali, nitakuwa nimekaa pale nikitazama. Usinikasirikie kwa hilo. Nitatazama hata kama utakasirika.

Jana tulikuwa kwenye foleni ya mkate, imejaa, wageni na wenyeji. Engracia akageuka, akaniuliza kwa sauti yake ya kawaida, ile inayosikika mpaka ng'ambo, "Visi, wako ameitwa nani?" Nikamtajia, lote mpaka mwisho.

Akasema, "Jina baya."

Nikasema, "Ndiyo. Ni la kwangu."

Mama yako,
Visitación